Kliniki ya skani ya dopla London, mtoto wangu alipogoma kukua

Wiki ya 27 mkunga alinipima tumbo na futikamba akasema mtoto mdogo, tukapelekwa kliniki ya dopla, yani skani ya kuangalia damu inavyopita kwenye mishipa, kwenye hospitali moja hapa London, ni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, kwahiyo hatukulipa kitu. Dada zangu mmeniuliza sana kukoje, haya.

Kusubiri kunachosha jamani. Miadi saa 3 asubuhi, tumeitwa saa 5 kasoro, na mume wangu aliomba ruhusa kazini. Hapo nyota moja naikata.

Ila ukishaingia chumbani hakuna anayekukimbiza. Daktari aligeuza skrini nikaona damu inavyopita kwenye kitovu cha mtoto, akanieleza kondo la nyuma halipati damu ya kutosha kutoka mishipa ya mfuko wa uzazi ndo maana mtoto haongezeki, na dawa ya kulitibu hilo hakuna, wanachofanya ni kupima mara kwa mara na kumtoa muda ukifika. Nililia pale pale, akanisubiri.

Nikamuuliza kuhusu tiba ya jeni maana nilishaisikia. Akanieleza mradi wa utafiti unaoitwa EVERREST wa profesa Anna David wa UCL, chuo kikuu cha hapa London, ulianza 2013 kwa hela za Umoja wa Ulaya. Yani wanachukua kirusi kilichofanywa kisiweze kuzaliana, wanakibebesha jeni ya VEGF, protini inayokuza mishipa ya damu, kinapelekwa kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi wa mama, sio kwa mtoto, ili mishipa ifunguke damu ipite. Kwa kondoo na simbilisi watoto walikua vizuri zaidi. Ila kabla ya kumgusa mjamzito yeyote walifuatilia kwanza mimba za namna hiyo London, Barcelona, Hamburg na Lund, watoto wa chini ya gramu 600 wiki ya 20 hadi 26, wajue zinavyokwenda zenyewe. Akanambia wazi, mama, kwako hii haipo. Na kwanini hawakimbilii, akanitajia sildenafil, dawa ya kutanua mishipa waliyokuwa wanawajaribishia wajawazito wenye tatizo hili, Uholanzi 2018 utafiti wake ulisimamishwa baada ya watoto kadhaa kufa kwa shida ya mapafu. Kuambiwa ukweli mzima namna ile kulinituliza kuliko matumaini ya uongo, nawapa nyota nne kwa hilo.

Tulienda mara mbili kwa wiki hadi wiki ya 34, akatoka na kilo 1.6, saa hizi ananyonya huku nachapa. Mkipangiwa huko ombeni miadi ya kwanza asubuhi, na baba mtu aingie ndani asikie mwenyewe.