Fundi wa kushusha injini ya pikipiki nyumbani kwako, Mwanza: nyota nne kasoro

Wadau wa Igoma, Buzuruga, Nyakato mpaka huko Buhongwa, kuna hii huduma ya fundi kukufuata nyumbani na boksi lake la spana, anashusha injini hapo hapo uani, anaifungua, anaipandisha. Nimeitumia juzi juzi kwenye Mchina wangu wa 150 na nimeona niseme kitu, maana wengi tumezoea kuiacha pikipiki gereji, ukirudi unakuta imefungwa, inawaka vizuri tu, ila spea zilizomo humo ndani nani anazijua? Hapo ndo hela yangu ilipoenda kihalali, kila kitu kimefunguliwa naangalia.

Ila kabla hujakubali muulize inashushwa kwa nini. Kama inatoa moshi wa bluu na kula oil mara nyingi ni ringi za pistoni au sili za valvu, na kwenye hizi injini za CG, aina iliyomo kwenye Wachina wengi kama wangu, hivyo vyote vinafunguliwa injini ikiwa kwenye fremu, asikudanganye mtu. Huyu dogo aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye kava kwa chini na mpini sikioni, katulia weee, akasema bosi hii krenk inagonga, yaani ule mhimili wa ndani unaozungushwa na pistoni. Krenk na gea ndo lazima injini ishuke kwa sababu krenkesi, lile ganda linalozibeba, inatenganishwa vipande viwili. Nikamwambia haya, piga kazi.

Kushusha hakukuchukua muda. Waya wa betri kwanza, oil akaimwaga kwenye dumu injini ikiwa bado na moto ili itoke yote, tenki, kabureta, ekzosi, waya wa klachi, cheni, soketi za nyaya, halafu bolti za kushikilia injini. Chini akaweka tairi bovu, tukaibeba wawili maana ile kitu inazidi kilo 20 na haina pa kushika. Tundu la kabureta akaliziba na kitambaa, kuku walikuwa wanachakura pembeni vumbi tupu.

Sasa kilichonikosha ni hiki. Alichukua kipande cha boksi la sabuni akachora umbo la kava ya klachi kwa kalamu, akatoboa matundu kuzunguka, kila skrubu ikitoka anaichomeka pale pale ilipotoka. Zile skrubu hazilingani urefu, ukiweka ndefu mahali pa fupi inagota kabla kava haijabana, ukilazimisha unapasua, na oil itavuja kila siku utalaumu gasketi bure.

Lawama ninazo. Kwanza alisema saa moja akaja saa nne, simu anapokea "nimefika hapa Mabatini bosi", Mabatini gani hiyo ya masaa mawili. Pili nati ya klachi ina spana yake maalumu, yeye kaigonga kwa patasi na nyundo, imetoka ndio ila imebaki na makovu na nikimuuliza anacheka. Na gasketi ya ekzosi karudishia ya zamani, sasa hivi inapumulia pu pu pu asubuhi ikiwa ya baridi.

Jua pia kwamba sio kila kitu kinaishia nyumbani. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenk, ikiisha, pini ya krenk inatolewa na kurudishwa kwa mashine ya kubana, halafu inanyooshwa, hiyo ni karakana ya mjini. Krenk niliibeba mwenyewe kwenye mfuko wa salfeti nikapanda daladala nayo, na nilisimama pale mpaka ikaisha.

Kupandisha alikuwa makini. Bolti zote akazipitisha kwa mkono kwanza ndo akaanza kukaza, oil mpya akaweka kabla ya kugusa kiki, akatoa plagi akapiga kiki nyingi tu bila kuwasha ili oil itembee, cheni akaiacha icheze kama sentimita 2 au 3. Nikataka tuipeleke mlima wa Bugarika na abiria tuijaribu, akagoma kabisa, akasema iende mdogo mdogo kwanza na oil nimwage ndani ya kilomita 500.

Ufundi tumepatana 70,000, spea juu yako. Ukimuita gasketi ya ekzosi nunua wewe mwenyewe mapema, yeye hilo hata hakumbuki.