Mkahawa mpya wa Mbweni, Unguja: pweza safi, karo ya maji machafu wasiwasi

Nianze na pweza, maana ndiye anayenirudisha pale pamoja na yote nitakayoyasema. Anapikwa kwa tui zito, ameiva mpaka kisu hakina kazi, lakini hajavurugika. Ndimu imo, pilipili mbichi zinaelea nzima nzima juu ya mchuzi, bizari haijazidi. Sahani moja na wali wa nazi ni shilingi 15,000. Kwa upande wetu huu, ukiondoa hoteli za wageni, sijui pengine pa kumpata pweza wa namna hii ukala umekaa kitako, kwenye sahani, na maji ya kunawa ukaletewa mezani.

Mkate wa ufuta ndio wa kuuangalia ukipikwa. Mama wa makamo anakaa uani mbele ya jiko la mkaa. Analoweka kiganja kwenye maji, anautandaza unga kwenye kikaango, ananyunyiza ufuta. Akiona chini umeshika, anakipindua kikaango chote, mkate unayatazama makaa na wala haudondoki. Hatazami saa; ufuta ukianza kunukia anakigeuza, anaubandua kwa ncha ya kisu na kuupaka samli. Uleni pale pale. Ukifungiwa uende nao nyumbani unashupaa.

Changu wa kupaka (22,000) ni wa bahati: siku nyingine laini, siku nyingine amekaa motoni mpaka amekauka. Chai ya maziwa ya kawaida. Juisi ya ukwaju sukari mno. Wahudumu ni vijana wa mtaa, wengine nimewaona wakikua, wana adabu, ila baada ya Isha watu wakijaa unaweza kuita mpaka ukachoka.

Sasa niseme kwa nini siwapi nyota zote.

Mkahawa umo ndani ya makaazi ya watu, kwenye kichochoro kinachochepuka njia ya kwenda magofu ya Mbweni, pale ilipokuwa skuli ya wamisheni ya mabinti waliokombolewa utumwani. Gari mbili zikikutana, moja lazima irudi nyuma. Ramani iliyoombewa kibali, kwa tulivyoelezwa, ilikuwa ya nyumba ya kuishi yenye baraza kubwa nyuma. Baraza likaezekwa makuti. Zikaingia meza. Bomba la moshi likatolewa ukutani, usawa wa kamba ya kuanikia nguo ya jirani, na bibi wa watu sasa anafua kanga zinakauka na harufu ya samaki. Kibao cha mkahawa kilipotundikwa ndipo barua ya malalamiko ikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Na mie nilitia saini, sifichi, na bado nakwenda kula. Sioni mgongano hapo. Sikupinga pweza.

Sheha akatuita, pande zote mbili, na mkutano ulikuwa wa heshima. Lakini jamani! Karibu wakati wote uliishia kwenye vileo na mavazi ya wageni. Mzee mmoja akauliza kama kutauzwa pombe. Mwenye mkahawa akaapa hakutauzwa, na kweli mpaka leo hakuna, ni juisi na soda tu. Mwengine akauliza watalii watapita vipi mbele ya msikiti na vikaptula vyao. Vijana wakasimama kutetea ajira, nao wana haki, maana kazi za karibu na nyumbani ni chache. Ilipokubaliwa kwamba pombe haitauzwa watu wakashusha pumzi, wakaanza kutafuta viatu vyao.

Nikanyoosha mkono nikauliza karo.

"Fundi, karo ipo, ya kutosha, inshallah," akajibu mwenye mkahawa. Ikasomwa dua, tukatawanyika.

Kazi yangu ni mabomba, kwa hiyo naomba mnivumilie hapa. Mji Mkongwe una mitaro ya kupeleka maji machafu. Huku kwetu kila nyumba na shimo lake. Karo ya nyumba ile ilichimbwa kwa ajili ya familia. Sasa inapokea vyoo viwili vya wateja, sinki mbili za jikoni, na mafuta ya kukaangia. Mafuta ndiyo adui. Yakiwa ya moto yanapita kwenye bomba vizuri tu. Yakipoa yanaganda, yanaziba matundu ya shimo, maji yanakosa pa kunywea, yanapanda juu. Nenda ukanawe mikono pale uani jioni ya siku ya watu wengi, utanusa mwenyewe karibu na ule mfuniko wa zege.

Hilo ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni baya zaidi. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango, na maji tunayokunywa kisiwani karibu yote yanatoka chini ya ardhi. Kinachoingia kwenye nyufa hakichujwi kama kinavyochujwa na mchanga, kinashuka. Kutoka mfuniko ule mpaka kisima cha msikiti, hatua zangu hazifiki ishirini. Watu wanatia udhu hapo, na ZAWA, mamlaka ya maji, wakikata maji, majirani wanachota hapo hapo. Vikaptula vya watalii vilijadiliwa mpaka koo zikakauka, kisima hakikupata hata dakika tano.

Watu wanasema ni mali yake, afanye atakavyo. Si hivyo. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Sheria ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia, na haki hiyo ina masharti. Ipo pia sheria ya mazingira ya 2015, ambayo hoteli kubwa za ufukweni zinafanyiwa tathmini kwayo kabla ya kujengwa. Nyumba inayogeuka mkahawa kimyakimya, meza baada ya meza, nani atakwenda kuitathmini? Nilikwenda ofisi moja inayohusika, nikaambiwa faili linaonyesha nyumba ya kuishi, na nyumba ya kuishi haina tatizo. Mji wetu haujakosa ramani za mipango miji: alichora Mwingereza Lanchester 1923, akaja mwenzake Kendall 1958, Wajerumani Mashariki 1968, Wachina 1982. Kuchora tunachorewa sana.

Tena tiba yake si kufunga mkahawa. Kwanza kisanduku cha kunasa mafuta, kati ya sinki na karo. Zege na kizuizi cha ndani, fundi wa kawaida anamaliza kwa siku mbili, na kijana mmoja apewe kazi ya kukikomba kila wiki. Pili shimo jipya upande wa barabara, mbali na kisima, lenye chumba kisichovuja na linalonyonywa na gari likijaa. Tatu bomba la moshi lipandishwe kupita paa. Gharama yote hiyo haishindi ya yale makuti na taa za rangi walizozungusha kwenye mnazi. Nimemwambia mwenyewe, na si kwamba natafuta kazi. Achukue fundi amtakaye.

Kwa sasa nyota tatu: pweza na mkate wa ufuta wangebeba tano peke yao. Shimo likihamishwa nitarudi kuandika nyengine.

Mkienda, fikeni baada ya Magharibi kabla watu hawajajaa, kaeni meza za mbele, mbali na ule mfuniko, na agizeni maji ya chupa. Gari muache barabara kubwa mtembee kidogo. Isha ikitoka, kichochoro hakipitiki, na wazee wa msikitini wameshaanza kuandika namba za gari.