Uchambuzi: Faili za Mati Ndani ya DaVinci Resolve

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo ninachambua sehemu moja tu ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na kurekebisha rangi, nayo ni namna inavyopokea faili za mati zilizotengenezwa nje yake, yaani zile video za rangi nyeusi na nyeupe zinazoielekeza programu iguse wapi na iache wapi. Penye weupe marekebisho ya rangi yanaingia yote, penye weusi hayaingii kabisa, na penye kijivu yanaingia kwa kadiri ya mwangaza wa kijivu hicho.

Klipu mnayoiona ni ya bibi harusi aliyesimama barazani, jua la saa nane likiwa nyuma yake. Uso umeingia giza, anga limeungua, na shela nyepesi imemwangukia begani. Ningeweza kuchora duara linalomfuata usoni, lakini shela ndiyo inayokataa, kwa sababu ni kitambaa kinachoonyesha kilicho nyuma yake, na ukingo wa duara huikata kama mkasi. Mati iliyotengenezwa kwa uangalifu huipa shela kijivu chake, nao mwangaza wa uso hufifia polepole ndani ya nyuzi.

Kuiingiza si kazi. Katika ukurasa wa Media unaichagua klipu, unabofya faili ya mati kwa kitufe cha kulia, kisha unaiongeza kama mati ya klipu hiyo. Ukifika ukurasa wa Color, unabofya nafasi tupu pembeni mwa nodi, yaani visanduku vinavyobeba kila hatua ya marekebisho, unachagua Add Matte, halafu unavuta waya kutoka tundu la buluu la nodi mpya hadi tundu la buluu la nodi yenye marekebisho. Hapa naisifu programu hii kwa moyo wote: nodi ya mati ina tundu la kila chaneli, yaani kila moja ya rangi tatu zinazounda picha, na kila chaneli inaweza kuwa mati yake yenyewe, kwa hiyo faili moja inaweza kubeba uso katika nyekundu, gauni katika kijani na anga katika buluu. Na mati ikianza fremu mbili kabla ya picha, kidirisha cha Key kinakuruhusu kuisogeza hapo hapo.

Matatizo mengi huanzia kwenye faili yenyewe. Mati si picha ya kutazamwa. Ni vipimo, na vipimo havivumilii kubanwa. Fundi aliyenitengenezea mati ya kwanza aliitoa kwa H.264 ya kawaida, mfumo wa kubana video, ambayo huhifadhi taarifa za rangi kwa robo tu ya idadi ya pikseli. Katika video ya kawaida jicho halitambui, ila katika mati iliyobeba maeneo matatu kwa rangi tatu, ukingo unavunjika. Tazameni nikivuta karibu kwenye kiwiko: vimeota vimraba vidogo kama ngazi. Ile ya pili aliitoa kwa ProRes 4444, inayotunza rangi ya kila pikseli, na yenye hadi biti 12, yaani viwango 4,096 vya mwangaza kwa kila chaneli badala ya 256 vya biti 8. Ni faili nzito sana, lakini kwa shela hii sioni njia ya mkato.

Lipo kosa jingine lililonila nusu siku. Mati ilitolewa kwa viwango vya video, ikasomwa kama ya viwango kamili, hivyo weusi ukaanzia 16 badala ya 0, na weupe ukaishia 235 badala ya 255. Maana yake ni kwamba takriban asilimia 6 ya marekebisho ilikuwa ikivuja angani, na uso wenyewe ulipata asilimia 92 tu. Kwa macho nilihisi picha imechafuka bila kujua sababu, mpaka nilipobonyeza Shift na H kuonyesha eneo lililochaguliwa, nikaona ukungu mahali palipotakiwa pawe patupu. Siku hizi sianzi kupaka rangi kabla ya kukagua hilo.

Mtaniuliza kuhusu Magic Mask, zana ya Resolve inayomtenga mtu yenyewe bila mati ya nje, iliyoingia na toleo la 17 na inayopatikana katika Studio, toleo la kulipia la dola 295. Kwa mtu anayetembea peke yake uwanjani naitumia bila kusita. Kwa shela inayopepea mbele ya anga jeupe, bado ninasubiri mati iliyotengenezwa kwa mkono, hata kama italala siku mbili kwa fundi.