Kasri la Friedenstein, Gotha: kabla hujakata tiketi

Wengi wanaoshuka treni Gotha, mji wa Ujerumani, wanamfuata Albert, mume wa Malkia Victoria. Wamesikia kwamba alitoka ukoo wa Saxe-Coburg na Gotha, wakaliona jina la mji kwenye ramani, wakafunga safari. Wamekosea kituo. Albert alizaliwa mwaka 1819 katika kasri dogo la Rosenau, nje kidogo ya Coburg, upande wa pili wa milima ya Thuringia, na ukoo wa baba yake haukutawala Gotha hadi 1826. Anayetafuta chimbuko la wafalme wa Ubelgiji, Bulgaria na Uingereza aende Coburg. Friedenstein ina kitu kingine, na kwa maoni yetu ni bora zaidi: inakuonyesha jinsi utemi mdogo wa Kijerumani ulivyoendeshwa siku kwa siku, ofisi, kanisa, maktaba, ghala na jukwaa la maigizo vikiwa chini ya paa moja.

Kwa nje halina urembo wa kumfanya mtu atoe simu apige picha. Ni mabawa matatu meupe, la kaskazini lenye urefu wa mita 100 hivi na yale ya pembeni mita 140 kila moja, madirisha yamepangwa kama ya kambi ya askari, na minara miwili ambayo mapaa yake hayafanani. Ernst I, aliyepewa jina la Mcha Mungu, alianza ujenzi mwaka 1643, Vita ya Miaka Thelathini, iliyoiharibu Ujerumani kuanzia 1618 hadi 1648, ikiwa haijaisha, akamaliza 1654. Kiwanja kilikuwa cha ngome ya Grimmenstein, iliyobomolewa 1567. Simama kwenye lango kuu uinue macho: kuna busu la amani lililochongwa kwa jiwe, na maneno ya Kijerumani yanayosema kwamba amani hulisha, ugomvi hula. Mtemi aliyeandika hivyo wakati vijiji vyake vimeteketezwa hakuwa anapamba ukuta tu.

Kinachowachanganya wageni ndani ni majina. Wako Ernst I wawili na Ernst II wawili, na usipowatenganisha mapema, vyumba vyote vitakuwa uji. Ernst I wa kwanza ni huyo Mcha Mungu (1601 hadi 1675). Ernst II wa kwanza ni kitukuu wa mwanawe (1745 hadi 1804), mpenzi wa nyota aliyejenga kituo cha kuziangalia kwenye kilima cha Seeberg; wataalamu wa falaki wa Ulaya walikutana Gotha mwaka 1798 kwa sababu yake. Ernst I wa pili ndiye baba yake Albert, na Ernst II wa pili ni kaka yake Albert, aliyefariki 1893. Kanuni ya haraka: ukiona mwaka ulio kabla ya 1825, uko kwenye ukoo wa zamani, baada ya hapo uko kwa watu wa Coburg.

Sababu ya mgawanyiko huo ni urithi. Mcha Mungu alizaa watoto 18, na wana saba wakamzika. Mwaka 1680 wakagawana nchi: Gotha, Coburg, Meiningen, Römhild, Eisenberg, Hildburghausen na Saalfeld. Ni kama shamba moja kukatwa vipande saba, kisha kila kipande kihitaji kasri lake, wazee wa baraza lake na kikosi chake cha gwaride. Vipande vingine vilikosa mrithi upesi, ndugu wakaanza kugombea. Friedrich I, aliyebaki Gotha, alipata funzo akaweka sheria ya mrithi mmoja. Haikusaidia milele. Friedrich IV alifariki 1825 bila mtoto, ukoo wa Gotha ukakatika, na 1826 ndugu waliobaki wakabadilishana ardhi: Coburg ikaitoa Saalfeld ikapewa Gotha, mtemi wa Hildburghausen akahamia Altenburg, eneo jingine lililokuwa la ukoo wa Gotha, Meiningen ikameza yaliyobaki. Mchoro wa ukoo huu upitie nyumbani. Ukiwa umesimama na mkoba mgongoni hautakuingia kichwani.

Mnara wa magharibi peke yake unastahili saa nzima. Humo mna ukumbi wa Ekhof, uliojengwa miaka ya 1680, ukapewa baadaye jina la Conrad Ekhof, mwigizaji aliyeongoza hapa kundi la kudumu lililolipwa na kasri kuanzia 1775. Mitambo ya mbao ya jukwaa ipo na inafanya kazi. Chini ya sakafu kuna vigari. Kila kigari kimebeba fremu inayochomoza juu kupitia mfereji wa sakafu, na kwenye fremu hutundikwa pazia la pembeni lililochorwa msitu, mtaa au sebule ya kifalme. Vigari viko jozi jozi: kimoja kikisogea kuonekana, mwenzake anarudi kujificha. Kamba zao zinakutana kwenye mhimili mmoja. Watu wakiuzungusha, pande zote mbili hubadilika kwa pamoja, na msitu unageuka mtaa ndani ya sekunde chache mbele ya watazamaji. Udhaifu wa mitambo ya aina hii ni kamba. Unyevu wa hewa ukibadilika, huku zinalegea na kule zinakaza, upande mmoja unatangulia, na barabara ya mjini inabaki na miti nusu.

Hapa ndipo tunapokata nyota moja kati ya tano. Siku ya kawaida unaliona jukwaa limelala. Ukitaka kuliona likiamka, panga safari Julai au Agosti, wakati wa tamasha la Ekhof, na ununue tiketi ya onyesho mapema kwa sababu ukumbi ni mdogo.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kuja. Mwaka 1652 mafundi wakiwa bado juu ya paa, Mcha Mungu alimkaribisha hapa Abba Gorgoryos, padri wa Uhabeshi. Alizungumza kwa miezi kadhaa na mwanazuoni Hiob Ludolf, na kutokana na mazungumzo hayo Ulaya ikapata sarufi na kamusi nzuri za Kigeezi na Kiamhari. Mtemi akamtuma Johann Michael Wansleben, mwanafunzi wa Ludolf, aende Uhabeshi mwaka 1663, akaishia Misri. Karne moja na nusu baadaye msafiri Mjerumani Ulrich Jasper Seetzen alikusanya miswada ya Kiarabu Shamu na Misri kwa ajili ya Gotha, akikusudia kuingia Afrika kutoka mashariki, akafia Yemeni 1811. Miswada iliyoko kwenye maktaba ya bawa la mashariki inazidi 3,000.

Halafu kuna ramani. Kampuni ya Justus Perthes ya mjini Gotha ndiyo iliyochapisha, mwaka 1856, ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliowahoji watu wa misafara wakiwa pwani yetu. Kila msafara uliwatajia ziwa kubwa. Wao wakaunganisha Nyasa, Tanganyika na Victoria kuwa bahari moja yenye umbo la konokono asiye na gamba. Mali ya Perthes sasa iko mikononi mwa maktaba ya utafiti, kwa hiyo hutaikuta imetundikwa ukutani. Unajiandikisha, unaomba kitu mahususi siku kadhaa kabla, unakisomea chumbani mwao. Anayefika mlangoni akisema anataka kuona ramani za Afrika atapewa fomu.

Mengine kwa kifupi. Jumatatu makumbusho hufungwa. Ukarabati mkubwa unaendelea kwa zamu, kwa hiyo uliza siku hiyohiyo bawa gani limefungwa. Mahandaki ya chini huingiwa pamoja na kiongozi tu, na ni baridi hata kiangazi, beba koti. Michoro iko jengo la pili, ng'ambo ya barabara upande wa kusini, pamoja na ile picha ya wapenzi wawili ya miaka ya 1480. Michoro mitano iliyoibwa kasrini usiku mmoja wa Desemba 1979 ilirudishwa miaka 40 baadaye.

Na kama bado unamtaka Albert, au baba yake mdogo Leopold I, mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, ambaye mwanawe Leopold II aliifanya Kongo mali yake binafsi kuanzia 1885, Coburg inafikika siku inayofuata. Leo iko katika jimbo la Bavaria, kwa sababu mtemi wa mwisho, Carl Eduard, alipoondoka 1918, watu wa Coburg walipiga kura 1919 kukataa kuungana na Thuringia. Badilisha treni Erfurt, ila soma ratiba vizuri: treni nyingi za kasi za kwenda Nürnberg hupita Coburg bila kusimama.