Monobloku mbili kwenye KEF LS50: uzoefu wangu baada ya miezi 8

Spika zangu ni KEF LS50, zile za 2012 zenye koni ya rangi ya shaba, nilizinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama na kwa mwaka mzima nilikuwa nazilaumu bure. Sauti ya muimbaji ilikuwa tamu toka siku ya kwanza, unamsikia kasimama pale katikati ya spika mbili kabisa, ila besi ilikuwa imelegea, yani gitaa la besi la rumba likianza kutembea unasikia mvumo tu, noti huzitofautishi, na nikiongeza sauti kidogo amplifaya yangu ya zamani inaanza kukwaruza. Nikajua nimeuziwa spika mbovu. Kumbe zenyewe ndo zilivyo, zinahitaji nguvu: ukizipa wati 1 zinatoa dB 85 tu (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita 1, na nyuma zimeandikwa omu 8, yani ukinzani wa umeme, ila kuna masafa ya sauti zinashuka mpaka 3.2, na omu zikishuka spika inavuta umeme zaidi. Amplifaya ndogo ambayo chaneli zote mbili zinagawana transfoma moja ikikutana na hiyo 3.2 inaishiwa pumzi.

Ndo nikaanza kutafuta monobloku, maana kila spika inakuwa na amplifaya yake na umeme wake, hamna kugawana. Nilitaka za transista tu. Za valvu, zile za taa za kioo, sikuzifikiria sana maana zina joto, na mimi niko Dar, sebule yangu ina feni haina AC, na kwa sababu hiyohiyo klasi A pia niliiacha, yani ile amplifaya ambayo transista zake zinapitisha umeme muda wote, inatoa joto lilelile hata kama muziki umeusimamisha.

Kosa la kwanza lilinigharimu. Nilipata jozi ya klasi AB, ambazo hazina joto kama klasi A, za mtumba kutoka Japani, nzito hasa, kila moja ukiibeba unaegemeza kifuani, na muuzaji akaniambia chomeka tu ndugu yangu hazina shida. Bahati nilichomeka moja kwanza. Ikalia pap! halafu ikaja ile harufu ya vanishi ya transfoma inayoungua, mke wangu akakimbilia kwenye meinswichi. Fundi alipoigeuza akanionyesha kibandiko nyuma, herufi ndogo kabisa: AC 100V. Umeme wetu ni volti 230. Muuzaji hakurudisha hela, akasema alitoka nazo dukani zikiwa nzima. Kwa hiyo ukinunua vitu vya Japani geuza usome hicho kibandiko mwenyewe kabla hujatoa hata senti, na za Marekani vilevile, kule ni 120. Kama umezipenda sana basi weka na bei ya transfoma ya kushusha umeme, tena kubwa, sio ile ya redio.

Nilichokuja kununua ni Fosi Audio V3 Mono, ilitoka 2024, ni klasi D, yani transista zinawaka na kuzima kwa kasi sana kwa hiyo joto ni dogo, yenye chipu ya TPA3255. Mwanzo niliidharau nilipoiona, boksi lenyewe unalishika kwa mkono mmoja, na jozi nzima ilinigharimu chini ya ile ya mtumba. Adapta zake zinapokea volti 100 hadi 240 kwa hiyo hilo la kuungua likaisha hapohapo. Nyuma kuna RCA na XLR, matundu ya aina mbili ya kuingizia sauti, mimi natumia XLR kutoka kwenye DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya analogi, na hii ndo raha ya monobloku ambayo wengi hawaisemi: nimeziweka kila moja nyuma ya spika yake, waya wa spika hauzidi nusu mita, wa XLR ndo mrefu, mita 4, na muungurumo hamna kabisa.

Sasa besi. Usiku ule wa kwanza niliweka rumba ya Kikongo ya miaka ya 70, na kwa mara ya kwanza nikalisikia gitaa la besi linapanda na kushuka ngazi, noti inaanza, inakatika, inakuja nyingine. Ukubwa wa besi ni uleule kwa sababu spika ina koni ya inchi 5 na kidogo tu, ila sa hivi inasimama pale inapotakiwa kusimama. Nilirudia wimbo uleule mara nne.

Kuhusu wati usichanganyikiwe na namba za kwenye boksi. Hii imeandikwa wati 240 kwenye omu 4, lakini adapta yangu ni volti 48 kwa ampea 5, zidisha unapata 240 hiyohiyo kabla hata joto halijala chake, kwa hiyo chukulia ni kilele sio za kupiga mfululizo. Na huzihitaji. Ukizidisha wati mara 2 unapata dB 3 tu, kwa hiyo LS50 kwa wati 100 iko kwenye dB 105 hivi, na KEF wenyewe wameandika amplifaya ya wati 25 mpaka 100. Mimi swichi ya geini, yani ya kiasi cha kukuza sauti, nimeiacha kwenye dB 25, inatosha kabisa sebuleni.

Kama spika zako ni za dB 92 kwenda juu na chumba ni kidogo, bora uweke hela kwenye spika au kwenye kabati la kuzikalisha vizuri, amplifaya nzuri ya chaneli mbili itakufaa tu.

Jambo moja la hatari alafu niishie hapo. Kwenye amplifaya za aina hii ule upande mweusi wa spika sio ethi, una sauti yake nao. Mwezi uliopita nilitaka kuunga sabufa kwa kutumia waya za spika, ile njia ambayo pande nyeusi za amplifaya zote mbili unazifunga pamoja, fundi akanizuia mkono nikiwa nimeshika bisibisi. Ungeziua amplifaya zote mbili, akasema. Sabufa nikaiunga kwa RCA kutoka kwenye DAC.