Misimu mitatu na mshauri wa shamba asiyeuza kitu

Siku ya kwanza alikuja na jembe na ndoo ya plastiki. Mimi nilitegemea begi lenye sampuli za dawa, maana wataalamu wote waliowahi kukanyaga shambani kwangu walikuja nalo. Mahindi yalikuwa na wiki nne, yamedumaa, majani ya chini yameingia rangi ya zambarau. Nilikuwa nimeshaamua mwenyewe kwamba ni upungufu wa fosforasi na kwamba dawa yake ni kuongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Nilimwita anithibitishie tu.

Alikubali kuwa ni fosforasi. Kisha akauliza, "Hii uliyoweka msimu huu na ule uliopita, imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Tukachukua udongo sehemu ishirini, tukikata shamba kwa kona kona, kila shimo sentimita 20 kwenda chini. Chini ya miti tulipaacha, kwenye kichuguu tulipaacha, na pale zizi la zamani lilipokuwa hakutaka hata kusogea. Nilipomletea ndoo yangu ya bati aliikataa, akasema lile bati limepakwa zinki na litaharibu kipimo cha zinki. Jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya nianze kumwamini.

Majibu ya maabara: pH 4.8. Udongo ukiwa na tindikali kiasi hicho, alumini na chuma vilivyomo huikamata fosforasi, na mizizi haiipati hata ukimwaga mifuko. Alichoniandikia ni chokaa ya kilimo, kiasi kilichokokotolewa kwa shamba langu, ichanganywe na udongo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda. Na kuhusu DAP ya ziada, akaandika neno moja: usinunue.

Hapo ndipo nilipoelewa ninalipia nini. Huyu analipwa nami, kwa hekta, nusu kabla ya msimu na nusu baada ya mavuno. Hana kamisheni ya mbegu wala ya dawa. Nilimuuliza waziwazi siku tunaandikiana mkataba, na hakuona vibaya kuulizwa. Sina ugomvi na wale wanaotumwa na wauzaji wa pembejeo, wengine wanajua kazi kuliko hata huyu wangu. Lakini kwa miaka yote niliyokaa nao sijawahi kumsikia mmoja wao akisema "subiri".

Huyu alisema subiri msimu wa pili, viwavijeshi vilipoingia. Mimi nilishajaza bomba la mgongoni. Akasimama sehemu tano, kila sehemu akakagua miche ishirini mfululizo, anafunua moyo wa mche na kutazama kinyesi kibichi, siyo matundu ya zamani. Yenye kinyesi kibichi ilikuwa kumi na moja kati ya mia. Akasema kwa umri ule wa mahindi yeye hapulizii kabla ya ishirini, turudi baada ya siku nne. Usiku ule sikulala vizuri, nakiri. Siku ya tatu ikanyesha mvua kubwa, ambayo huzamisha viwavi vichanga ndani ya moyo wa mche, na tulipohesabu tena tukapata sita. Bomba nikalimwaga bila kulitumia.

Msimu uliofuata hesabu ilikuwa 34, naye hakusubiri hata kidogo: leo jioni, elekeza dawa kwenye moyo wa mche. Ila kwanza alinipanga chupa zangu za misimu mitatu juu ya meza na kunionyesha namba ya kundi iliyochapwa kwenye kibandiko, ile inayoonyesha dawa inavyomuua mdudu. Majina matatu, rangi tatu, kundi moja. Nilidhani nabadilisha dawa kumbe nabadilisha chupa, na wadudu walikuwa wameshaizoea. Tukahamia kundi jingine.

Jioni hiyohiyo akanipimia bomba. Maji matupu, mita za mraba 100, kwa mwendo wangu wa kawaida: yaliisha lita tatu. Maana yake lita 300 kwa hekta, mabomba ishirini ya lita 15. Mimi siku zote nilikuwa nagawa dawa ya hekta kwa mabomba kumi na matatu, halafu nashangaa dawa inaisha shamba likiwa limebaki. Nozeli ilikuwa imelika. Mpya ni kitu kidogo sana ukilinganisha na dawa niliyokwisha kuimwaga bure.

Sasa lawama, maana zipo.

Ana wakulima wengi mno. Msimu wa pili, wakati wa mbolea ya kukuzia, nilimsubiri siku nane. Hatimaye akapiga simu: weka urea. Hakuja kuona udongo. Ulikuwa na unyevu wa juujuu tu, nami nikaitupa juu bila kuifukia, kwa sababu hakuniambia nifukie na mimi sikuuliza. Likawaka jua siku tano. Ukiinama ulikuwa unasikia harufu ya amonia, nitrojeni yangu inaondoka na upepo. Alipofika alitazama chini muda mrefu, akasema, "Hili ni langu." Alinipa ziara mbili za bure. Ziara hazirudishi urea, lakini angalau hakusingizia hali ya hewa.

Ripoti zake pia ni ngumu. Ya kwanza ilikuwa na kurasa saba na jedwali nisilolielewa. Nilimwambia nataka ukurasa mmoja wenye tarehe na vipimo, akabadilika.

Mavuno yamepanda, lakini sitaki kumpa sifa zote. Mvua ya msimu wa tatu ilikuwa nzuri kwa kila mtu, hata kwa jirani yangu asiyepima chochote. Ninachoweza kukiapia ni daftari la manunuzi: DAP imepungua, dawa zimepungua, chokaa imeongezeka. Ada yake nairudisha hapo kabla sijavuna gunzi moja.

Nyota nne. Ya tano aliipoteza kwenye urea. Mkataba wa msimu ujao nimeshausaini, ila nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu: ushauri wa kukuzia utatolewa mshauri akiwa amesimama shambani. Aliusoma, akacheka, akaweka sahihi pembeni yake.