Mfuko wa saruji yenye mabonge

Duka lenyewe sitalitaja, kwa sababu hata mimi sijui kama nalichukia au la. Sakafu ya sebule yangu huku Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, ilibomoka karibu na mlango, shimo la ukubwa wa sinia, nami nikaamua kuliziba kwa mkono wangu badala ya kumlipa fundi ambaye angekuja siku moja na kupotea siku tatu. Nilinunua mfuko mzima wa kilo 50, maana muuzaji alikataa kunipimia kidogo.

Nilipoufungua, kona moja ilikuwa na mabonge. Nilibonyeza moja kwa vidole, likakataa kusagika. La pili vilevile. Mwenye akili angeurudisha saa ile ile, lakini mchanga wa Lwera nilikuwa nimekwisha kuuchekecha na maji yalikuwa ndooni, kwa hiyo nikayatupa mabonge, nikachanganya unga uliosalia, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga, nikasawazisha kwa mwiko, nikaweka pima maji juu yake na kujiona fundi. Wiki nzima nilikimwagilia kiraka changu asubuhi na jioni na kukifunika kwa magunia. Nilipoyaondoa, kila aliyepita mlangoni aliondoka na vumbi kwenye soksi, na nilipokwaruza kwa ufunguo, sakafu ilichimbika kama muhogo uliochemshwa.

Nilirudi dukani na bonge mkononi. Muuzaji alikuwa akila roleksi, ile chapati ya kukunjwa na mayai, macho kwenye simu, na hakuyainua. "Nnyabo, simenti haina kosa," alisema. "Kazi ya fundi umeifanya wewe, sasa unaniletea mimi?" Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu apite mbele. Hasara ya pesa ningeivumilia. Kusogezwa kando kama ngazi mbovu, hapana. Nikasimama pale pale nikiangalia mgongoni mwake: mifuko imelazwa juu ya sakafu tupu, bila hata ubao chini, imeegemea ukuta wenye alama ya unyevu inayofika kiunoni. Saruji ikinyonya unyevu huganda ndani ya mfuko wake, na iliyokwisha kuganda hairudi kuwa saruji hata ukiitwanga. Nilimwonyesha. Akameza tonge lake.

Hukumu yangu ilikuwa imekamilika: msiende. Hata hivyo, lazima nikiri kwamba mchanganyiko wangu uliteleza mwikoni kama uji, na maji yakizidi huacha juu ya sakafu tabaka dhaifu linalotoa vumbi. Huenda nusu ya kosa ni yangu. Tuseme robo.

Kijana anayepakia mizigo alinifuata nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, lori likija kushusha, njoo nikuchagulie." Nilikwenda, akanipa mfuko uliotoka moja kwa moja garini, laini kila kona, ambao bosi wake alinitoza bei kamili bila aibu. Nilibomoa kiraka cha kwanza, nikapunguza maji, na sasa ufunguo huteleza tu juu ya sakafu.

Kwa hiyo duka nalipa nyota moja na kijana nyota tano. Juzi nimenunua tena misumari humo humo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mlangoni. Muuzaji bado hajainua macho.